Maroa Hakukunja Uso

"Ukikunja uso, ukoo mzima utajua kabla ya jioni," Mwikwabe alimwambia Maroa, akiwa ameegemea mlango wa zahanati, nje kidogo ya Kehancha.

Walitahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja. Siku hiyo Maroa alisimama wima bila kupepesa macho, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona akiogopa. Sasa aliketi kitandani, mguu wa kulia umenyooshwa, jasho likimtiririka mgongoni.

Mkewe, Bhoke, ndiye aliyeiona soksi imegandamana kwa usaha, akamtoa kwa nguvu katika shamba la tumbaku. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umezama nyamani.

Tabibu Lynnet aliinua sindano. "Hii ni ya ganzi, mzee. Bila hii utaumia sana."

"Iweke kando, binti yangu. Mimi si mtoto."

"Basi nitainua ukingo tu, nikate kipande kidogo. Ukishindwa, sema."

"Aseme nini?" Mwikwabe akacheka. "Huyo atamwita mama yake!"

Maroa alifumba macho. Mwezi wa Desemba, mwanawe angesimama mbele ya kisu cha tohara. Baba aliyelia kwa ajili ya ukucha angemtazama kijana huyo kwa uso gani?

Alisikia mkasi ukiokotwa kwenye trei. Akauma meno, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akangoja.

Akangoja tena. Chuma kiligonga chuma. Mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Hata Mwikwabe alikuwa ameacha kucheka, na ukimya huo ukamtisha Maroa kuliko maneno yote ya dhihaka. Hatimaye hofu ikamshinda.

"Binti yangu," alinong'ona, macho bado ameyafumba, "nisitiri. Nidunge hiyo sindano kabla hujaanza."

Akafumbua macho.

Kipande cha ukucha kilikuwa kwenye trei, kimelowa damu. Lynnet alikuwa ameinama, akimchoma kwa ncha ya sindano, dawa ya ganzi ikiwa bado imejaa ndani yake: kwenye kidole, kwenye unyayo, kisha juu kidogo ya kifundo.

"Na hapa, mzee?" aliuliza kwa sauti iliyotetemeka. "Hapa je, unasikia?"