Hadithi Iliyo Mezani

Mwongera alilikuta daftari limefunguka mezani, akasoma ukurasa mzima akiwa wima. Ilikuwa hadithi, tena kwa Kimeru, lugha ambayo hakuwahi kuiona imeandikwa ila kwenye Biblia na kitabu cha nyimbo. Ndani yake mwanamke mmoja alimwacha mume mpole, akavuka mto peke yake.

Mwandiko ulikuwa wa mke wake.

Alimkuta jikoni akimenya viazi, vidole vimechanwachanwa na miiba ya waridi za shambani Timau, alikofanya kibarua.

"Huyu mwanamke wako," akauliza akiwa mlangoni, "atarudi?"

"Bado sijui, baba Kendi."

"Kwani mumewe alimkosea?"

"Hapana. Anampenda sana. Ni vile tu hajawahi kumuuliza anataka nini."

Mwongera akachuchumaa kando ya mkewe, akakitoa kisu mkononi mwake taratibu.

"Na wewe unataka nini?"

Mkewe akamtazama. "Nafasi ya kuimaliza hii hadithi."

"Hata kama hatarudi?"

"Hata kama hatarudi."

Mwongera akachukua kiazi, akaanza kumenya.