Nzi wa Siagi

Siagi ilikuwa imetoweka tena. Ferista alisimama na bakuli tupu mkononi. Watumishi wengine walikwishaondoka bei ya kahawa ilipoanguka, na katika nyumba ile ya shamba, huku Mbozi, walibaki yeye na Memsabu, mjane wa Kizungu. Basi mwizi angekuwa nani?

"Si mimi, Memsabu."

"Najua. Ni kipepeo." Memsabu hakuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akiifuma. "Kwa Kiingereza anaitwa batafulai. Bata…"

"Bata huyu tunayemfuga?"

"Hapana. Bata kwetu ni siagi, fulai ni nzi. Nzi wa siagi. Wazee wetu walisema wachawi hujigeuza vipepeo, wakaingia majikoni kuiba siagi. Ndipo jina likazaliwa." Akacheka kidogo. "Keti, usuke nyingine."

Siku zenye siagi, kazi iliisha adhuhuri na Ferista akaenda zake. Leo aliketi barazani na kibuyu cha maziwa mapajani, akakitikisa alasiri nzima. Memsabu alisogeza kiti, akasimulia habari za dada zake waliokwishakufa, na za mvua ya kwao isiyo na radi. Ferista naye akamsimulia habari za Amoni, mumewe, aliyevuka mpaka pale Tunduma kwenda migodi ya shaba, asirudi wala kutuma salamu.

Jua lilipoinama alirudi kwake, akasonga ugali wa mtu mmoja.

Lakini hofu haikumtoka. Siku Memsabu akichoka kusingizia vipepeo, atafukuzwa nani? Asubuhi akawahi, akajibanza nyuma ya ghala la kuni.

Mlango wa jiko ukafunguka. Memsabu mwenyewe akatoka na bakuli, akatazama huku na huku. Akainama kwa tabu kwenye tuta la maua, akafukua udongo kwa vidole, akaifukia siagi yote.

Ferista aliingia kazini kama kawaida, akaambiwa ni kipepeo kama kawaida, akasuka kama kawaida.

Mvua zilipoanza, Memsabu alishikwa na homa, miguu ikakataa kumbeba. Ferista alipoingia jikoni alikuta bakuli limejaa, siagi haijaguswa. Kazi yote ingekwisha adhuhuri, naye angeenda zake.

Akasikiliza kidogo mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Kisha akalibeba bakuli mpaka kwenye tuta la maua, akapiga magoti, akaanza kufukua.