Kadi Iliyoandikwa Nyuma

"Hii nipe dola moja tu, bibie," alisema Stavros, muuza kadi. "Imechorwa nyuma. Iko hapa tangu sijaota mvi."

Ludmila alikuja kila Jumamosi kwenye gulio la vitu vya zamani katika ukumbi huu wa zimamoto. Alipita meza ya akina mama wa kanisa na pierogi zao, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, bila kununua, akaenda moja kwa moja kwenye kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli. Alichagua zilizokunjika, zenye matundu ya pini na madoa ya gundi. Pensheni yake haikutosha kununua zilizo nzima. Baada ya miaka minne, ilibaki kadi moja ili timu nzima ya Pittsburgh ya mwaka sitini itimie.

"Kwani unampelekea nani? Maana besiboli yenyewe huijui."

"Mwanangu. Nilimtupia zake."

"Hata wewe!" Stavros alicheka. "Akina mama kama nyie ndio mnaonilisha. Msingezitupa, nani angenunua zangu?"

Ludmila hakucheka. Mwanawe Milan alipokwenda jeshini, mwaka sitini na sita, Ludmila alisafisha chumba chake. Chini ya kitanda palikuwa na boksi la viatu alimokuwa akiweka kadi zake, limefungwa kwa kamba. Lilikuwa jepesi mkononi. Hakulifungua. Lori la taka likaondoka nalo.

Milan alirudi, akalala kwenye kitanda kilekile, na hakuuliza. Miaka thelathini na mitatu hajauliza. Angefoka, Ludmila angelia, yakaisha. Kimya chake ndicho kilichomtafuna. Kesho angemwekea timu nzima mezani, amwombe radhi.

Alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake kuukuu, zawadi ya Krismasi ambayo Milan alimnunulia akiwa na miaka kumi na minne. Pesa za kugawa magazeti, Milan alisema. Ludmila akatoa dola, akaigeuza kadi.

M. HRUSKA. USIGUSE.

Mwandiko wa Milan, kwa penseli, herufi zimelala upande.

"Uliiokota jalalani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mwaka sitini na sita?"

"Jalalani! Mimi, mama?" Stavros alijishika kifua. "Nilinunua kihalali, nikiwa na duka la sigara. Desemba, sitini na moja. Kitoto kimoja kilikuja na mfuko umejaa, kadi zake zote. Nikakiambia, hii yenye jina siitaki. Kikasema chukua tu, lakini nipe hela sasa hivi, duka la ng'ambo ya barabara linafungwa saa kumi na mbili."

"Duka gani?"

"La nguo." Stavros alimtazama kuanzia kwenye kola hadi kwenye pindo. "Kilitaka koti moja lililokuwa dirishani. La buluu, vifungo vya shaba. Kama hilo ulilovaa."