Kidirisha Nyuma ya Kitanda

"Nilikwambia kidirisha cha kuendeshea mitambo ya nyumba ukiweke nje, karibu na jiko, ukasema hiyo ni tabia ya watu wa vibandani," alisema Bi Tunu, akimenya chungwa kibarazani kwake.

"Jirani, yaliyopita tuyaache. Nisaidie niingie kwangu," alijibu Shomvi, begi bado begani.

Sheria ya mtaa ilikuwa wazi: asiyelala kwake siku arobaini, nyumba yake humfuta katika orodha ya wenyeji na kumfungia mlango, na hurudishwa tu kwa kugusa kidirisha hicho kwa kidole chake mwenyewe. Shomvi, kwa kupenda sifa, alikuwa amekificha kidirisha chake chumbani, nyuma ya kitanda, wageni wasione hata waya mmoja wa taa. Sasa amerudi safari siku ya arobaini na moja.

"Si ulitaka ukuta upendeze? Basi uombe ukufungulie," alisema Bi Tunu, akasogea mlangoni kumcheka vizuri.

Taa za ndani zikawaka. Harufu ya pilau iliyopikwa na mitambo ikawafikia. Kisha sauti ya Shomvi mwenyewe, ile aliyoirekodi ya kupokelea wageni, ikasema kwa upole:

"Karibu, Bi Tunu. Leo tunasoma arobaini ya marehemu Shomvi. Ingia ule."