Nyuma ya Sikio

Wateja wawili wa saluni walikuwa wakibishana juu ya riwaya ambayo mji mzima unaisoma.

"Mimi nilijua mapema kwamba yule dada mkubwa ndiye mama mtu," alisema mwenye rola kichwani. "Dada gani analia vile mdogo wake akianza shule?"

"Wacha uongo. Mimi ilinizungusha mpaka ukurasa wa mwisho."

Kwenye kiti cha kusukia, dada wa mwandishi aliinamisha kichwa. Maneno hayo, "Mimi si dada yako, nimekuzaa," aliwahi kumnong'oneza mtu mmoja tu, yeye mwenyewe alipokuwa mahututi. Na huyo mmoja aliapa kufa nayo. Leo yanapigiwa soga saluni.

"Lililomuumbua ni kovu," mwenye rola aliendelea. "Baba yake alimchoma pasi siku mimba ilipojulikana. Liko nyuma ya sikio, limepinda kama mwezi mwandamo."

Msusi ndiyo kwanza alikuwa akigawa nywele nyuma ya sikio la kushoto. Kitana kikasimama. Kidole chenye mafuta kikapapasa pale, kikaondoka upesi kama kimeungua.

Macho yao yakakutana kwenye kioo.

"Mdogo wako," msusi aliuliza kwa sauti ya chini, "hajambo?"