Ndege ya Mwisho

Nangila alishika pedi ya kuchezea ya mjukuu wake ili azime tu gemu iliyoachwa ikiendelea, lakini kidole gumba kikabonyeza, na ndege ya adui ikapasuka kwenye TV. Akabonyeza tena. Lo, utamu ulioje! Akaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Kufa wewe! Na wewe pia, kufa!" alipiga kelele, leso imemdondoka begani, chai inapoa.

Nyuma yake kitu kikaanguka kwa kishindo. Alikuwa mwanawe, mwanajeshi, aliyerudi juzi kambini Lanet kutoka vitani, akaja nyumbani, na aliyekuwa amelala chumba cha pili. Sasa alikuwa amejikunja chini ya meza, mikono kichwani.

"Mathe, zima! Zima hiyo kitu!"

Ilikuwa imebaki ndege moja. Nangila aliiona, akaipiga kwanza. Ndipo akazima.

Kimya kilipoingia, aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akapiga magoti, akanyoosha mkono chini ya meza. Kidole gumba kilikuwa bado kinachezacheza chenyewe.

"Kitendawili," akanong'ona, kama alivyokuwa akimtuliza utotoni radi ikipiga.

Akangoja aambiwe, "Tega."