Faini ya Dada

"Ni mimi niliyekuwa naendesha," Dada aliiambia sufuria aliyokuwa akiisugua. Akajaribu tena, polepole. "Ni mimi. Nilikuwa nawahi kuwachukua watoto shule."

Sauti ilimtetemeka palepale, kwenye neno "mimi".

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Akamwambia imetosha, avue aproni waende.

Dada alikuwa ameifanyia kazi nyumba ile kwa miaka tisa, na kila mtu alimwita Dada, hata mwenye nyumba aliyemzidi umri. Leseni ya udereva walimkatia Mama Pacha na mumewe, ili awapeleke mapacha shule. Sasa kamera ya barabarani ilikuwa imelinasa gari la Mama Pacha likienda kilomita mia na kumi na mbili mahali pa hamsini. Picha ilionyesha nyuma ya gari tu, dereva haonekani. Hapo ndipo Mama Pacha alipopata wazo.

Sheria mpya ilisema faini ifuate kipato: mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo atoe kidogo. Njia nzima Mama Pacha hakuacha kuilalamikia. Kosa lilelile, mwendo uleule, kwa nini yeye atozwe bei ya gari na mwingine atozwe bei ya tairi? Kwa mshahara wa Dada faini ingekuwa kiduchu, tena angeitoa yeye Mama Pacha mwenyewe. Baba Pacha yuko safarini, asisikie kitu. Mwezi uliopita tu Mama Pacha alimwapia mumewe kwamba hatakimbiza gari tena.

Dada alitazama barabara. Faini ya zamani, ile iliyokuwa moja kwa wote, ingemmalizia mshahara wa miezi miwili, na Mama Pacha angeichomoa kwenye pochi huku akiongea na simu. Hakulisema hilo. Alichosema ni kwamba anaogopa.

"Unaogopa nini? Kila mwaka Baba Pacha anakuletea makaratasi unasaini, hata husomi. Leo moja tu likutoe jasho?"

"Yale ni ya mshahara, mama. Hili ni la serikali."

Ofisi ya trafiki ilikuwa na mabenchi ya chuma na feni iliyolia kama inaumwa. Ukutani, kwa maandishi mekundu: KUTOA MAELEZO YA UONGO NI KOSA. KIFUNGO MIAKA MIWILI. Dada aliyasoma mara moja, kisha akageuza uso, lakini maandishi yakabaki machoni. Miaka miwili. Binti yake, anayelelewa na bibi, angemaliza darasa la saba bila mama wa kumpigia vigelegele. Na wangemwambia nini? Mama yako yuko wapi? Yuko ndani, alisema uongo.

Mbele yao fundi bomba mmoja alikuwa akiwaambia wenzake kwamba sheria hii anaipenda sana, kwani ni mara ya kwanza umaskini kumpatia punguzo. Foleni ikacheka. Mama Pacha hakucheka. Dada naye hakucheka, maana askari wa mlangoni alikuwa amemtazama, na alipoinua macho tena alikuwa bado anamtazama.

Namba yao ikaitwa.

Karani alikuwa mzee, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kwanza alimpa Mama Pacha fomu ya shahidi, aandike jina na anwani. Kisha akauliza nani alikuwa kwenye usukani.

Dada aliyatazama tena maandishi mekundu. Mama Pacha akamminya kiwiko.

"Ni mimi," alisema.

"Upo sawa, binti? Nikupatie maji?" Mzee alimwambia asitetemeke hivyo, mashine hii haing'ati. Yeye ampe namba ya kitambulisho tu, basi. Mashine yenyewe itakusanya mshahara, biashara, kodi za nyumba, chochote kilichoandikishwa kwa namba hiyo, na faini itajitokeza.

Dada akaitaja namba. Mama Pacha alikuwa ameshafungua pochi, anatenganisha noti mbili.

Vidole vya karani vikasimama. Akashusha miwani machoni, akaiandika namba upya, tarakimu moja moja. Kisha akamwita mwenzake wa dirisha la pili. Wote wawili wakaitazama mashine, wakamtazama Dada, wakarudi kwenye mashine. Mwenzake akamnong'oneza mzee jambo, halafu akampungia askari mkono.

Askari akaondoka mlangoni, akaja.

Wamejua. Dada akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Alisikia viatu vya askari vikikaribia nyuma yake, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajaamua kulia.

"Baba, naomba unisamehe," alimwambia karani. "Nina mtoto mdogo. Nitasema yote."

Karani alikuwa amesimama, anafunga kifungo cha koti. Nyuma ya Dada kitu kilikwaruza sakafu. Askari alikuwa amemletea kiti.

"Keti, mama," alisema karani, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Sisi ndio tuombe radhi, kukuacha mtu kama wewe kwenye foleni. Faini itakuwa kubwa, sikufichi. Maghorofa matatu, malori, yale maduka ya mjini, yote yameingia kwenye hesabu."

Mama Pacha akaacha kutenganisha noti.

Karani akaichukua fomu ya shahidi, akailinganisha na mashine.

"Na huyu mama uliyeongozana naye, naona anwani aliyoandika ni ya nyumba yako. Ni mpangaji wako?"